Choo Kwenye Mpaka wa Shamba

Ukifika kwenye chemchemi usiyoijua, ipe mgongo. Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza kwa kila darasa, na kila darasa lilicheka, kwa sababu mtu aliyetembea juani mpaka kwenye maji anataka kuinama anywe, hataki kugeuka. Lakini maji yenyewe hayana la kukwambia. Yanang'aa, yana baridi, yanapendeza. Habari zake ziko juu mlimani: nani anaishi huko, ng'ombe wanalala wapi, choo kimechimbwa wapi, na mvua ikinyesha inateremka na nini. Tazama juu kwanza. Kiu itasubiri.

Nawaandikia nyinyi mnaosomea usafi wa maji hapa Gitega, nyinyi ambao mwakani mtapelekwa milimani na maboksi ya sabuni na picha za inzi wakubwa kuliko kuku. Nilifundisha kazi hiyo Mushasha, katika moja ya zile shule zilizozunguka kanisa, mpaka nilipostaafu. Watu walinishangaa kidogo pale mwanzoni. Mimi ni Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na masista walikuwa hawajazoea mwalimu anayeomba ruhusa Ijumaa mchana. Ila kwetu nyumbani birika la choo halikuwahi kukaa tupu, na kutia udhu nilijifunza kabla ya kusoma. Kwa hiyo nilipoambiwa nikafundishe vijana kunawa mikono, niliona kazi imenifuata.

Aliyenifundisha namna ya kufundisha ni Mama Domitila. Alikuwa muuguzi wa zamani, mnene, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyesimamia mazoezi yetu ya vijijini. Alikuwa na tabia ya kunusa mabido, yale madumu ya kuchotea maji. Akiingia kwenye ua wa mtu, baada ya salamu, anaomba bido la maji, analifungua, anaingiza pua. Wanafunzi walimwonea haya. Yeye alisema chemchemi safi ikimiminwa kwenye bido chafu inakuwa bido chafu, basi, na hakuna mtu atakayekuonyesha uchafu wa bido lake kwa mdomo. Akilikuta na utelezi ndani, hatoi hotuba. Anaokota changarawe, anazitia humo pamoja na mchanga na maji kidogo, anafunga, na kumpa mwenye bido atikise. Watoto wa nyumba hiyo wanagombania kutikisa. Maji yanayotoka ni ya kijani kibichi, na hapo mama mwenye nyumba anaanza kuuliza mwenyewe.

Somo lake kubwa nililipata Bukirasazi. Kulikuwa na mradi uliojengea watu vyoo vya matofali, vizuri kweli, vyenye mlango na mabati. Tulipokwenda kuvikagua na wanafunzi, tukamkuta mzee mmoja amejaza mahindi ndani ya chake mpaka juu, na tundu amelifunika kwa ubao. Mwanafunzi mmoja akaanza kumweleza habari za magonjwa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamjibu kwa Kiswahili chetu cha Burundi:

"Sikia, muana. Nyumba yangu iko na paa ya nyasi, inavuja. Hii iko na mabati. Sasa we unataka mi niweke mahindi kwa nyumba yenye kuvuja, na mavi niweke kwa nyumba ya mabati?"

Wanafunzi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama Domitila hakucheka. Alimwomba mzee amwonyeshe paa lake. Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mwalimu, kila ukikuta choo, uliza kinamfanyia nini mwenye nacho. Usidhani unajua." Niliona ni maneno ya mtu mwenye kupenda mafumbo. Nilikuja kuyaelewa Gasorwe, huko Muyinga, na kwa kweli aliyenieleza si yeye wala si mimi mwenyewe, ni msichana wa mwaka wa pili aliyeitwa Alina.

Hayo yalikuwa katika miaka ya amani, watu walipokuwa wanarudi kutoka ukimbizini Tanzania. Malori yalikuwa yanawashusha na magodoro, masufuria na watoto waliozaliwa kambini. Kila mlima ukawa na watu wa aina mbili: waliobaki na waliorudi. Waliobaki walikuwa wamelima mashamba ya waliokimbia. Waliorudi walikuwa wanakumbuka mashamba hayo, au wanakumbuka kusimuliwa na wazazi wao. Mara nyingi wazee wa mlima, bashingantahe, waliligawa shamba katikati, nusu kwa nusu, na kupanda mstari wa minyaa kuwa mpaka. Mnyaa mnaujua, ule mti wa uzio usio na majani, unaotoa utomvu mweupe.

Shirika moja la msaada lilitaka kuijengea chemchemi ya mlima mmoja wa Gasorwe: kuizungushia saruji, kuweka bomba, ili watu waache kuchota kwenye tope pamoja na ng'ombe. Wanafunzi wetu walipelekwa wiki moja kabla, wapime maji na kufundisha wenyeji. Tukafika, nikawaambia waipe chemchemi mgongo, wakaipa. Hapakuhitaji macho makali. Juu yetu, katikati ya mteremko, kilisimama choo kipya cha miti na udongo, mlango wake wa gunia ukipepea, na chini yake moja kwa moja ndipo maji yalipokuwa yanatokea.

"Hapana," alisema Alina. "Hapana, hapana. C'est pas possible."

Mzee mmoja aliyekuwa anachota alituona tunatazama, akaweka bido chini. Jina lake Zakaria. Alikuwa ameuza ndizi Kobero mpakani miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, na ulimi alikuwa nao pia.

"Karibuni, mwalimu. Umeleta watoto waone vile Tanzania inatunywesha mavi?"

"Ni cha nani, mzee?"

"Cha ule mama wa kambi. Konsolata. Kule kambi walikuwa wanapewa kila kitu, hata mavi yao wazungu walikuwa wanabeba. Sasa iko hapa, haina wa kubeba, anatuachia sisi."

Akamwaga maji aliyokuwa amechota, mbele yetu, akaanza kuchota upya, kana kwamba yale ya pili yangekuwa mengine.

Tulipima. Tulikuwa na chupa ndogo zenye karatasi ya dawa ndani. Unajaza maji, unaziacha mahali penye joto, na yakigeuka meusi, basi kinyesi kimeingia. Zetu ziligeuka nyeusi kama wino. Fundi wa shirika alipoziona alikuwa na adabu, lakini hakuzunguka: haina maana kujengea saruji maji ya namna hiyo. Choo kihame kabla lori la saruji halijafika, kikibaki, saruji itapelekwa mlima mwingine, na huko wanaingoja kwa hamu. Watoto wa mlima ule walikuwa wanaharisha msimu mzima. Mmoja wao alikuwa wa Konsolata mwenyewe, msichana mdogo, bado anatembea akishika ukuta.

Basi tukapanda kwa Konsolata kumfundisha. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mjane, mwenye Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka kuliko changu. Alitupa mkeka. Wanafunzi wakatandaza picha zao: inzi, choo, mkono, mdomo. Mmoja akaanza, "Mama, kuna njia tano ambazo..."

"Kidole, inzi, chakula, shamba na maji," alisema Konsolata. "Endelea, mwanangu."

Kijana akakwama. Konsolata akamsaidia: akamweleza umbali wa choo na kisima, akamweleza majivu, akamweleza jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi cha kunawia mikono, na kwamba kibuyu kikitundikwa juu sana watoto hawakifikii. Hapo wanafunzi wangu walitazamana, kwa sababu kile walichotundika wao kwenye shule ya pale mlimani asubuhi ya siku ile, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanakirukia kama magolikipa.

"Kambini tulifundishwa haya kila wiki," alisema. "Kwa nyimbo, kwa maigizo. Mimi mwenyewe nilikuwa mwigizaji. Nilikuwa inzi."

"Sasa mama," nikamwambia, "kama unajua yote haya, choo kile?"

"Kile hakihami, mwalimu."

"Maji yanaharibika. Mtoto wako..."

"Mtoto wangu namchemshia nikipata kuni. Siku ya kuni kukosekana namwomba Mungu. Choo hakihami."

Nyinyi mtakutana na neno hilo, "hakihami", kwa sura nyingi. Mtu anayelisema hivyo, kwa utulivu, hajakosa elimu. Na mnachotaka kufanya wakati huo ni kile wenzenu walichotaka kufanya: kutoa picha nyingine. Walishaanza kuikunjua ile ya kipindupindu. Mimi nilikuwa natafuta la kusema. Alina ndiye aliyezikusanya picha zote, akazigeuza kifudifudi, akakaa karibu na yule mama badala ya mbele yake.

"Mama," alimwuliza, "kama ungeamka kesho ukute shimo lile halipo, limejaa udongo, ungeogopa nini?"

Konsolata akamgeukia. "Ningeogopa kwamba Zakaria ameamka kabla yangu."

Kisha akasimama akatuonyesha. Bashingantahe walipogawa shamba la baba yake, upande mmoja akapewa yeye, upande mwingine akabaki nao Zakaria. Mstari wa minyaa ulishuka kutoka juu mpaka bondeni, ukipita kando ya chemchemi. Lakini minyaa hushika popote unapoichomeka, hata kijiti. Na kila baada ya palizi, Konsolata aliukuta mstari kule bondeni umesogea kwake. Si sana. Siku moja aliukuta mhogo wake mwenyewe uko upande wa Zakaria.

"Nikienda kwa wazee, wananiambia subiri. Wana mashauri mengi, na mmoja ni shemeji yake. Basi nikafikiri. Mti unang'oka. Jiwe linabebwa. Shimo la choo, mwalimu, nani atalihamisha? Nani atalibeba begani? Nikachimba pale juu, mpakani penyewe, kabla na huko hakujasogea."

"Na usingeweza kuchimba kule chini mbali na maji?" Alina aliuliza.

"Kule chini ndiko nilikotaka. Ile kona ya bondeni ndiyo sehemu pekee ya shamba langu isiyokuwa juu ya maji. Sasa iko ndani ya minyaa ya Zakaria."

Nikaona hesabu yote, na ilikuwa imefungwa pande zote. Choo kisipohama, saruji haiji. Kikihama, hakina pa kwenda, na mwenye choo anapoteza alama yake ya mwisho. Nilifanya lile ambalo watu wa ofisini hufanya: nikasema tutakwenda kwa bashingantahe, tutakwenda kwa chifu wa mlima, tutaomba kikao. Konsolata aliitikia kwa heshima, kama mtu anayeitikia habari za hali ya hewa.

Alina akaniuliza kama anaweza kwenda kwa Zakaria. Nikamwambia hatapata kitu isipokuwa matusi. "Nitamwuliza lile lile, mwalimu," alisema. Nikaona nisimwache aende peke yake.

Zakaria alikuwa anakata magome ya migomba. Alitukaribisha kwa namna yake. "Eh, wauguzi wa mavi wamekuja." Alina alicheka, akakaa kwenye kigogo, akamsaidia kukunja magome. Wakazungumza bei za ndizi Kobero, wakazungumza askari wa forodha. Halafu, bila kubadili sauti, akamwuliza, "Mzee, ule mama akibaki pale miaka yote, we unaogopa nini?"

"Mi? Naogopa? Mi siogopi mwanamke, sha."

"Ego, sawa, mzee. Lakini minyaa iko inatembea."

Nilidhani atatufukuza. Aliendelea kukata, kisha akaacha.

"Kule mlima wa pili walipewa nusu," alisema. "Mwaka uliofuata wakaomba nusu ya pili. Yule mtu aliyebaki pale sasa analala kwa kaka yake. Leo nusu, kesho choo, kesho kutwa mi niende wapi? Mi nilibaki hapa wakati wao wanakula ugali ya kambi. Nilibaki na risasi. Nilizika hapa."

"Ulimzika nani, mzee?"

"Bibi yangu." Alinyoosha kisu kuelekea mpakani, kwenye kichaka cha maua ya manjano. "Iko pale. Pale pale kwa ile choo. Hakuna hata msalaba, wakati ule nani alikuwa anatengeneza msalaba? Nikapanda maua. Sasa nikienda kumsalimia bibi yangu, ni inzi tu, ni harufu tu. Na yule mama anapita pale kila asubuhi, haangalii hata."

"Ulimwambia?"

"Nimwambie nini? Nilimwambia anaharibu maji. Hiyo si inatosha?"

Mnisamehe nikisimama kidogo hapa, maana hapa ndipo kazi yenu ilipo. Mlima mzima ulikuwa unagombana kwa lugha ya maji. Yeye anaharibu maji, yule naye ng'ombe wake wanaingia kwenye maji. Watu wa msaada tukija, tunasikia neno maji, tunafungua boksi la maji. Na maji yalikuwa machafu kweli, msije mkanielewa vibaya. Chupa zilikuwa nyeusi. Lakini hakuna sabuni iliyokuwa inafika pale yalipoanzia. Mkiwa na siku moja tu kijijini, igaweni: nusu ya siku ulizeni watu wanaogopa nini, na mfundishe katika nusu itakayobaki. Na ulizeni kila mtu kwake, akiwa na kazi mkononi. Mtu mwenye kazi mkononi hana haja ya kuwatazama machoni, na maneno yanamtoka.

Tulirudi kwa Konsolata na Zakaria akatufuata kwa mbali. Nadhani alitaka kusikia tutasema nini juu yake. Alina hakupamba. Alimwambia, "Mama, kile kichaka cha maua ya manjano kando ya choo chako ni kaburi. Ni la mke wa mzee Zakaria."

Konsolata aliweka mkono mdomoni. Alimtazama Zakaria, aliyekuwa amesimama nje ya ua na kisu chake, kisha akatazama kule juu.

"Wewe mzee," alisema. "Wewe mzee! Miezi yote hii unanitukana kambi, kambi, na hilo huniambii?"

"We hukuniuliza."

"Nikuulize kama nimechimba choo kwenye kaburi? Nani anauliza swali hilo?"

Konsolata alichukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akapanda. Tulimfuata sote. Aling'oa lile gunia la mlangoni, akaangusha miti ya ukuta kwa teke, akaanza kutupa udongo shimoni. Nilimwambia, "Mama, subiri, hatujaongea na bashingantahe, hatujui kona ya chini itakuwaje." Na kweli nilikuwa namwonea huruma, kwa sababu kila jembe la udongo lilikuwa linamfuta yeye mwenyewe kwenye ule mlima. Alitupa udongo kwa nguvu, analia, anatupa. Wanafunzi wakaanza kumsaidia kwa mikono.

Zakaria alisimama kando ya maua yake. Kisha akageuka akaondoka, akateremka bondeni. Nikawaza kwamba huyo amepata alichotaka, ameenda zake.

Alina ndiye aliyenishika mkono akaniambia nitazame chini. Zakaria alikuwa kwenye kona, ameinama, anang'oa minyaa. Hakuwa na jembe. Aliivuta kwa mikono mitupu, mti mmoja baada ya mwingine, anautupa upande wake, anaushika mwingine. Utomvu ulikuwa unamtiririka mpaka viwiko. Tukamwona anainua mkono kufuta jasho usoni.

"Mzee! Macho!" Konsolata alipiga kelele. "Usijishike macho!"

Nyinyi mnajua utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unavyofanya; watu wamepofuka. Konsolata aliacha jembe, akachukua bido la nyumbani na kipande cha sabuni, akateremka mbio, sisi nyuma yake. Zakaria alikuwa amesimama na mikono mbele, vidole vimetanuka, anaogopa kujigusa popote. Konsolata akamwinamishia bido. Alimmiminia, akampa sabuni, akammiminia tena, na yeye akasugua kama mtoto anayesimamiwa. Wanafunzi wangu, waliokuja na mapicha ya mikono na sabuni, walikuwa wamesimama wote wametulia, na hakuna aliyefundisha kitu.

Maji yalipokuwa yanatoka mikononi mwake bila weupe, Zakaria alikung'uta vidole, akatazama mashimo aliyoyaacha kwenye mstari wake.

"Bon," alisema. "Nionyeshe. Hii choo mpya utaichimba fasi gani?"

Konsolata alivuka pale minyaa ilipokuwa, akatembea mpaka kwenye kona, akasimama. "Hapa."

"Hapa iko mawe chini. Utaumia." Akasogea pembeni kidogo, bado ndani ya upande wake yule mama, akakanyaga ardhi kwa kisigino. "Chimba hapa."